Medusa ruksa, Kolelo shetani? Mastaa wa Mji Kasoro Bahari mnachosha!

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, mtoto wa Moro kabisa, kakulia uswahilini kabla hajahamia Dar na kuanza kuongea kama kazaliwa Masaki. Juzi kati karudi nyumbani kurekodi video milimani. Shati la Versace lenye uso wa Medusa kifuani, tatuu ya Zeus mkononi, droni inazunguka juu ya ukungu wa Uluguru. Kwenye posti kaandika kwamba anajisikia kama mungu wa Olympus.

Sasa shabiki mmoja akamuuliza kwenye komenti, kistaarabu tu: "Kaka, kwa Kolelo umefika?" Jibu la staa: "Hayo mashetani ya kijijini sina muda nayo." Laiki zikamiminika, vikatuni vya kucheka kibao.

Hapo ndipo pa kusimama kidogo.

Medusa ni nani? Mwanamke wa hadithi za Wagiriki, nywele zake nyoka, ukimtazama usoni unageuka jiwe. Shujaa Perseus akamkata kichwa akaondoka nacho. Zeus naye ni mkubwa wa miungu, kazi yake radi na kutembea na wake za watu. Hercules alipewa kazi 12, mojawapo kumuua Hydra, nyoka wa vichwa vingi ambaye ukikata kimoja vinaota viwili. Ndiyo hayo yamejaa kwenye nguo, filamu na magemu. Hata Nike mnayovaa ni jina la mungu wa kike wa ushindi. Yote hayo ni mizimu ya watu wa milimani, na ilikuwa na madhabahu, sadaka na damu ya mbuzi. Lakini hakuna anayemwambia staa kwamba kavaa shetani. Hiyo inaitwa fasheni.

Na Kolelo ni nani? Masimulizi ya Uluguru yanamtaja kama nyoka mkubwa wa pangoni. Watu walitoka hadi Uzaramo, kwa miguu, kwenda kwenye pango lake kuomba mvua na mavuno. Pango lilikuwa na watunzaji wake, na wao ndio waliopokea maswali na kurudisha majibu.

Wagiriki nao walikuwa na kitu kama hicho hicho. Palikuwa na Delphi, chini ya mlima, na nyoka mkubwa aliyeitwa Python. Apollo akamuua, akakaa pale pale, na watu wakawa wanatoka mbali kuja kumuuliza kuhani wa kike mambo ya vita na mavuno. Hata Wazungu wanavyomwita chatu, jina limetoka kwa nyoka huyo. Nyoka, mlima, watu na shida zao. Tofauti ni kwamba Wagiriki waliandika ya kwao, wakafundisha watoto, na dunia ikanunua. Huku, staa anaona aibu.

Kwa urefu basi? Olympus ina mita 2,917. Kimhandu, kilele cha Uluguru, kinapita mita 2,600. Yaani staa kauza kwao kwa tofauti ya mita mia tatu!

Mnapenda mashujaa? Moro wapo. Mwaka 1905, wakati Kinjikitile Ngwale anagawa maji kule Ngarambe, huku Uluguru na Uzaramoni habari zilitembea kwa jina la Kolelo: kodi ya Mjerumani isilipwe. Jina hilo hilo linaloitwa shetani la kijijini ndilo lililowapa watu moyo wa kusema hapana. Ni kweli, maji hayakuzuia risasi. Vita vya Majimaji vilimaliza makumi ya maelfu ya watu, wengi wao kwa njaa. Hilo halifichwi. Lakini Achilles naye si alikufa kwa mshale wa kisigino? Mbona yeye hamumwiti mjinga?

Njoo 1955. Mkoloni Mwingereza kalazimisha wakulima wa Uluguru kuchimba matuta kwenye miteremko, kazi ya kuvunja mgongo, faida hawaioni. Watu wa Matombo wakagoma. Polisi wakafyatua risasi, mtu akafa. Lakini mpango wa matuta nao ukafa. Wakulima wenye majembe waliirudisha serikali nyuma, na hakuna tisheti yao hata moja pale Msamvu.

Nenda Soko Kuu la Chifu Kingalu umuulize kijana anayeuza kava za simu Kingalu ni nani. Wengine watakwambia ni mfanyabiashara wa zamani. Kumbe ni cheo cha machifu wa Waluguru wa Kinole, waliojulikana mpaka mbali kwa kuleta mvua. Jina liko getini kwa herufi kubwa, hadithi haipo kichwani.

Wapo watakaosema: "Sasa mnataka turudi kwenye matambiko?" Nani kasema? Aliyevaa Nike hajachinjia mungu wa ushindi. Kujua si kuabudu. Mtu anaweza kuswali swala tano au kwenda misa kila Jumapili na bado akajua babu zake walipita wapi. Shida ni mizani mbovu: bibi akiwa na chale ni mshirikina, staa akiwa na tatuu ya Zeus ni msanii.

Na hii mizani mbovu inaumiza watu. Kuna mtayarishaji mmoja wa filamu, naye jina kapuni, kila filamu yake ina zimwi, na zimwi ni lile lile: bibi kizee wa kijijini, macho mekundu, kanga imechakaa. Medusa ni wa hadithini, hakuna atakayemfuata nyumbani kwake. Bibi wa macho mekundu yupo mtaani. Nchi hii vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi, na kosa lao lilikuwa macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na samadi. Anayetaka kutengeneza zimwi atumie akili, milima imejaa viumbe vya hadithi. Aache kutumia sura za bibi za watu.

Halafu kuna suala la maji, na hapa staa asikilize vizuri. Maji yanayotoka bombani kwake huko Dar yanatoka Mto Ruvu, na Ruvu chanzo chake ni Uluguru. Bwawa la Mindu linalonywesha Moro nalo linaitegemea milima hiyo hiyo. Mababu walikuwa na misitu yao ambayo hukati hata mti mmoja, maana wenyewe wamo. Mcheke mnavyotaka, lakini mtoto aliyekua na hadithi ile alishika panga akafikiri mara mbili. Leo hifadhi ina sheria na ina askari, safi kabisa. Ila askari analala, hadithi hailali. Mchoma mkaa haogopi Medusa.

Kwa hiyo staa anaposema "mashetani ya kijijini" mbele ya wafuasi wengi vile, hajatukana nyoka. Kamwambia mtoto wa Kinole, wa Mgeta na wa Matombo kwamba kwao hakuna kitu cha kujivunia, kwamba kila shujaa lazima atoke Ugiriki apitie Marekani. Mtoto akiamini hivyo, mlima unabaki kuwa kuni na mandhari ya video tu.

Hakuna anayemwambia avue shati la Versace, alilinunua kwa hela yake. Ila siku akipanda tena na droni yake, akae kwanza na mzee mmoja wa pale, amsalimie shikamoo, amnunulie chai, amuulize. Wimbo mmoja tu wenye Kolelo ndani yake ungefanya kazi kuliko tatuu kumi za Zeus. Na ungekuwa mpya kweli, maana Hercules kila mtu keshamuimba.

Haya wadau, uwanja wa komenti huo hapo chini. Matusi weka pembeni. Leta hadithi moja aliyokusimulia bibi yako kuhusu mlima wa kwenu. Ukikosa hata moja, mpigie simu leo, bando la dakika lipo.