Huyu Mtoto Huwa Anazungumza na Nani?
Na Nakijwa Mmbaga

Msikilize mzazi wa Same mjini na mwanawe wa miaka miwili na nusu kuanzia alfajiri. Amka. Nawa. Kunywa uji. Usimwage. Toka hapo. Nyamaza! Jioni mzazi anarudi amechoka, anaongeza amri nyingine tatu: kula, oga, lala. Mtoto akitimiza miaka mitatu na maneno yake bado ya kuokoteza, shangazi anaitwa, jirani anaitwa, na hukumu inatolewa hapohapo uani: ana udata, yaani ulimi umeshikwa chini, akakatwe. Kwangu swali la kwanza ni jingine. Huyu mtoto huwa anazungumza na nani?

Kusikia, anasikia mengi. Redio iko wazi tangu asubuhi, wapiga debe wa stendi hawapumziki, na simu ya mama ina katuni za Kiingereza ambazo, tuseme ukweli, ndizo yaya wa siku hizi. Wazazi wengine huzifungulia makusudi, mtoto apate Kiingereza mapema kabla ya shule. Mwaka 2003 mtafiti Patricia Kuhl na wenzake wa Seattle, Marekani, walilijaribu jambo linalofanana na hilo. Watoto wachanga wa miezi tisa, waliokulia kwenye Kiingereza, walichezewa na kusomewa vitabu kwa Kichina na watu walioketi nao, vipindi 12 vya dakika 25 hivi. Kundi jingine lilioneshwa watu walewale na vitabu vilevile kwenye televisheni. Wa kundi la kwanza wakaanza kuzitofautisha sauti za Kichina. Wa televisheni hawakuambulia kitu. Shirika la Afya Duniani nalo lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto asiyefikisha miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Najua mama mwenye kibanda sokoni na mtoto mgongoni atanicheka nikimwambia hivyo. Lakini simu haimjibu mtoto, na asiyejibiwa hachelewi kuacha kuuliza.

Mbaga, huku kwenye milima ya Upare, nilimkuta bibi akichambua maharage kwenye ungo, mjukuu wa miaka mitatu pembeni. Waliongea Kipare, maongezi yao nayaandika kwa Kiswahili.

"Hili lina nini?" Mtoto alinyanyua punje yenye tundu.

"Limeliwa na mdudu."

"Yuko wapi?"

"Ameshatoka. Wewe ungeweza kukaa humo?"

Mtoto akachungulia tunduni. "Giza."

"Giza, na mlango hakuna. Sasa alitokaje?"

Hapo mjukuu akaanza hadithi ndefu isiyo na mkia, yenye mdudu, paka na jembe, na bibi akawa anaidakia: ehe, halafu? Paka naye akasemaje? Maharage yalichelewa kufika chunguni. Serikali ina mpango unaosisitiza malezi ya namna hii, uliozinduliwa Desemba 2021: Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Jina lenyewe linamaliza pumzi, bibi yule sidhani kama analijua. Ila kazi anaifanya. Mwaka 2018 watafiti wa eneo la Boston, Marekani, waliorekodi maongezi ya majumbani ya watoto wa miaka minne hadi sita walikuta kwamba kupokezana maneno na mkubwa ndiko kulikoendana na uchangamfu wa ubongo katika eneo la lugha, kuliko wingi wa maneno ambayo mtoto aliyasikia tu.

Na Kipare cha mjukuu yule hakimchelewishi kusema. Naandika hili kwa sababu kuna wazazi, hata baadhi ya walimu, wanaoamini kwamba lugha mbili humchanganya mtoto, basi Kipare kinapigwa marufuku nyumbani na kinachobaki ni Kiswahili cha amri na Kiingereza cha kuungaunga. Mtoto wa lugha mbili atachanganya maneno kwa muda, kisha atazipanga mwenyewe. Ukitaka kujua ana maneno mangapi, hesabu ya lugha zote mbili. Sema naye kwa lugha ambayo wewe unaweza kutania, kubishana na kueleza kwa nini mvua imechelewa. Kusimulia huanzia hapo. Profesa Isaria Kimambo alipoandika historia ya kisiasa ya Wapare, kitabu kilichotoka mwaka 1969, sehemu kubwa aliipata vinywani mwa wazee wa milima hii. Wazee wale hawakujifunzia kusimulia ukubwani.

Wala hatuhitaji vifaa vya kununua. Ukienda ndivani, kwenye bwawa la maji ya kumwagilia, siku ya zamu yenu, nenda na mtoto, hata kama atakuchelewesha. Njiani atakuuliza nani anafungulia, kwa nini leo si zamu ya kina fulani, maji yanalala wapi. Mjibu, kisha umuulize na wewe. Umpe nafasi ya kufikiri. Wakubwa wengi tunauliza na kujijibu wenyewe.

Udata upo, sikatai, lakini humsumbua zaidi mtoto katika kunyonya na katika baadhi ya sauti. Haumfanyi akose maneno kabisa. Usikubali wembe wa mtaani. Kwanza angalia masikio. Mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka akiitwa, au asiyebwabwaja chochote, wa miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili, au yule ambaye masikio yanatoka usaha kila mara, atajwe kliniki siku hiyohiyo ya kupima uzito, usisubiri uulizwe. Wakikupa rufaa ya hospitali ya KCMC, Moshi, nenda.

Niwaguse na akina baba mlioko Dar es Salaam na Arusha. Mnapiga simu jioni, mnaongea na mama wa mtoto habari za ada na mbolea, kisha simu inasogezwa sikioni kwa mtoto: "Hujambo? Unasoma? Haya, mpe mama." Ulizia maharage ya bibi. Ulizia mbuzi aliyezaa. Mtoto akisitasita, usikate simu. Salio la kutafuta neno moja la Kipare mtalimudu.