Kati ya Uhandisi na Sanaa

Msomaji kijana, siku ya kuchagua masomo ya chuo kikuu huja upesi kuliko idhaniwavyo, na siku hiyo utazungukwa na washauri wengi. Wengi wao watakuimbia wimbo mmoja: kwamba mwenye akili huingia katika uhandisi, na aliyeshindwa huangukia katika sanaa. Wimbo huo naukanusha. Hauna kweli wala haki, na hasara yake humpata anayeuamini pamoja na nchi inayomlea.

Tusikie kwanza hoja yao. Husema kuwa mhandisi hujenga madaraja, hufua umeme na kupata mshahara, hali msomi wa historia, lugha au falsafa huvuna maneno matupu. Sikatai kwamba nchi huhitaji wahandisi. Pasipo wao hakuna maji mferejini wala taa mezani. Walakini, kujua kusimamisha nguzo ni jambo moja, na kujua kusema na mwenye ardhi inaposimama ni jambo jingine.

Shahidi wangu ni upepo wa Ziwa Turkana. Karibu na ziwa hilo, katika kaunti ya Marsabit, imesimamishwa mitambo 365 yenye uwezo wa kufua umeme wa megawati 310. Kazi ya kuisimamisha ilikwisha mwaka 2017, lakini umeme wake haukuingia katika nyaya za taifa mpaka Septemba 2018, kwa kuwa njia ya kuusafirisha ilikuwa haijakamilika. Mkandarasi mmoja alifilisika, na fidia ya ardhi inayopitiwa na nyaya ikazua mabishano. Mwaka 2021 mahakama huko Meru ikaamua kwamba hati za ardhi ya mradi wenyewe hazikupatikana kwa kufuata sheria. Kufilisika ni msiba wa biashara. Bali mabishano yale na hukumu ile, je, vilitokana na kosa la hesabu? Hasha! Vilihusu sheria, historia ya malisho, na namna ya kuafikiana na wenyeji. Elimu inayodharauliwa ndiyo iliyohitajiwa.

Mtazame pia Wangari Maathai. Alikuwa mwanasayansi aliyepata udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971. Hata hivyo, mwaka 1989, alipopinga kujengwa kwa jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, silaha yake ilikuwa kalamu. Aliandika barua, akazipeleka kwa wakubwa wa hapa na wa ng'ambo, na jumba lile halikujengwa. Sayansi ilimpa maarifa. Lugha ikampa nguvu ya kuyatetea.

Wala usidhani kwamba nawatetea wanaoikimbia hisabati. Achaguaye sanaa kwa kuogopa fizikia ni ndugu wa achaguaye uhandisi kwa kuogopa kusemwa na jirani. Wote wawili wameongozwa na hofu, na hofu si mwalimu. Historia hudai ushahidi, na falsafa haimhurumii mvivu wa kufikiri. Mwenye kuzichukua kuwa kivuli cha kupumzikia atatoka chuoni mikono mitupu, kama walivyotabiri wanaomcheka.

Basi, pima mambo mwenyewe. Uhandisi hudai hisabati na fizikia, na kwa kawaida huchukua miaka mitano pale ambapo sanaa huchukua minne. Kabla ya kuuchagua, uliza kama shahada ya chuo hicho inatambuliwa na Bodi ya Wahandisi, maana isiyotambuliwa haitakuandikisha kuwa mhandisi. Ukichagua sanaa, uliza utajifunza kazi gani ya akili, na utaitumia wapi. Kumbuka kwamba mkopo wa masomo utaulipa wewe, si mjomba aliyekushauri wala jirani aliyekusifu.

Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Ikiwa moyo wako hufurahi unapofungua mashine uone inavyokwenda, nenda kwa wahandisi, ukasome na vitabu vya wanadamu. Ikiwa hufurahi unapochungua maneno na matendo ya watu, nenda kwa wasomi wa sanaa, wala usiisahau hesabu. Aibu haimo katika kuchagua hili au lile. Imo katika kumwachia mwingine akuchagulie, kisha kuishi miaka arobaini ndani ya nguo ya kuazima.