Fadhili William Hakuiba Jina Lake

Mtaje Fadhili William Mdawida mbele ya watu watatu mjini Voi. Mmoja atajivuna kwamba huyo ni wetu, wa pili ataanza kuiimba "Malaika", na wa tatu atasema alikuwa mwizi. Huyu wa tatu siku hizi ana wafuasi, kuanzia mtaa wa Sofia hadi Wundanyi. Alisikia mahali kwamba wimbo ule ulitungwa na mtu mwingine, na tangu hapo kila sifa anayopewa mwanamuziki yule aliyezaliwa Taita Taveta mwaka 1938 kwake ni mali ya wizi. Madai yake ni mengi. Mengine yana uzito, mengine ni maneno ya barazani tu, kwa hiyo sitayajibu yote kwa nguvu sawa.

Dai kubwa ni hilo la utunzi: Fadhili hakuitunga "Malaika", basi jina alilo nalo si haki yake.

Tuanze na lisilobishaniwa. Fadhili aliurekodi wimbo huo mwanzoni mwa miaka ya 1960 akiwa na bendi ya Jambo Boys, kisha akaurudia na Equator Sound Band katika studio ya Charles Worrod jijini Nairobi. Ubishi unaanzia nyuma ya hapo. Adam Salim wa Tanzania alishikilia kwamba yeye ndiye aliyeutunga, katikati ya miaka ya 1940 alipokuwa akiishi Nairobi, kwa ajili ya mpenzi ambaye wazazi hawakumruhusu kumwoa. Wapo wanaomtaja Grant Charo, na wapo wanaomtaja Lucas Tututu wa Pwani. Fadhili naye alisema ni wake.

Watetezi wake wengi hapa kwetu hukosea hapohapo. Wakisikia jina la Salim wanapandisha sauti, wanaapa kwamba Fadhili alitunga kila neno na kila noti, na kesi nzima wanaitundika kwenye msumari huo mmoja. Msumari ukilegea, picha yote inaanguka. Mimi nampa mlalamishi kila anachokitaka. Haya, tuseme Salim ndiye mtunzi, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Kimebaki nini?

Imebaki sauti. Imebaki rekodi. Miriam Makeba hakuitunga "Malaika", wala Angélique Kidjo, wala Boney M, na sijamsikia mtu hata mmoja stejini Voi akiwaita wezi. Elvis Presley alipolipuka na "Hound Dog" mwaka 1956, wimbo huo ulikuwa umeandikwa na Jerry Leiber na Mike Stoller, na Big Mama Thornton alikuwa ameshautoa miaka mitatu nyuma. Unaweza kuuliza, na ni swali la haki, kwa nini Thornton hakulipwa na kusifiwa ipasavyo. Lakini huwezi kusema Elvis hakuimba. Kuna anayezaa wimbo na kuna anayeufanya usikike, na mara chache sana kazi zote mbili humwangukia mtu mmoja.

Tena tuukumbuke wakati wenyewe. Miaka ya 1940 na 1950 nyimbo zetu za gitaa hazikuwa na hati. Zilitembea na watu. Fundi Konde, fahari ya jirani zetu Wagiriama, alipiga muziki katika kikosi cha burudani cha King's African Rifles wakati wa Vita vya Pili, akafika hadi Burma. Ally Sykes wa Tanganyika alipitia jeshi lilelile, kisha akawa mtu wa muziki na biashara ya santuri. Askari walirudi na vipande vya nyimbo, kila mmoja akavimalizia alivyoweza. Voi yenyewe ni njia panda ya habari za aina hiyo: reli kuu ya Mombasa ilifika hapa mwishoni mwa karne ya 19, na wakati wa Vita vya Kwanza ikachepushwa nyingine kupitia Mwatate, Maktau na Taveta kuelekea upande wa Moshi. Sisemi "Malaika" ilipanda gari moshi. Nasema tu kwamba kwa mtu wa Taita Taveta, mpaka wa Tanganyika haukuwahi kuwa ukuta, na wimbo mmoja kudaiwa pande zote mbili ni jambo la kawaida kuliko wanavyodhani wanaoshangaa leo.

Kuhusu haki ya mtunzi niseme wazi. Ikiwa wimbo ni wa Salim, basi Salim alidhulumiwa, na umaarufu wa Fadhili haufuti dhuluma hiyo. Ila hiyo ni kesi ya pesa na ya jina kwenye lebo. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi "Mbube" mwaka 1939, haki zake zikauzwa kwa shilingi chache, na kundi la The Tokens la Marekani likatamba na wimbo huo mwaka 1961 likiuita jina jingine. Familia yake ilipigania stahili yake hadi mapatano ya mwaka 2006. Linda akarudishiwa chake, na hakuna aliyedai rekodi ya The Tokens ifutwe duniani. Kwetu, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya huru ilikuja mwaka 1966, "Malaika" ikiwa tayari mdomoni mwa kila mtu. Mlango uliwekwa wakati mbuzi ameshatoka.

Dai la pili husemwa na wajuzi zaidi: Fadhili alitengenezwa na wageni. Bila Makeba angebaki mwimbaji wa Nairobi tu.

Nusu ya dai hili ni kweli na silikatai. Makeba na Harry Belafonte waliuweka wimbo kwenye albamu yao ya mwaka 1965, iliyotwaa tuzo ya Grammy, na hapo ndipo masikio ya Marekani na Ulaya yalipofunguka. Mwaka 1967 bendi ya Hep Stars ya Sweden, aliyokuwamo Benny Andersson ambaye baadaye alikuwa mmoja wa ABBA, ilitoa ya kwake. Boney M wakafuata mwaka 1981, Kidjo mwaka 1991. Orodha ni ndefu.

Lakini wageni hawa waliutoa wapi? Hawakuuokota jangwani. Waliukuta Afrika Mashariki ukiwa umekomaa, una mwendo wake na huzuni yake, nao wakaukopa karibu kama ulivyo. Sikiliza rekodi ya Fadhili kisha usikilize ya Makeba. Makeba ana sauti kubwa zaidi ya kila mtu, hilo halina mjadala, lakini njia anayopita ni ileile. Tena lipo jambo linalonichekesha kila mara: maneno ya wimbo ni malalamiko ya mwanamume asiye na mahari, na walioyafikisha mbali zaidi ni wanawake wawili. Wangeweza kuyageuza yawafae. Waliyaacha. Kitu kilichokwisha kufanywa vizuri hakiguswi ovyo.

Wapo wanaosema alikuwa na bahati tu: alizaliwa wakati mzuri, uhuru unakaribia, redio zinaenea, studio imefunguliwa, mtu yeyote angetamba. Jibu ni fupi. Daudi Kabaka, Gabriel Omolo, na Nashil Pichen na Peter Tsotsi waliotoka Zambia, wote walipitia studio hiyohiyo na wakati huohuo. Bahati waliila sahani moja. Kila mmoja akatoka na chake, na Fadhili akatoka na "Malaika".

Kisha lipo dai kwamba alikuwa mtu wa wimbo mmoja tu. Ni dai linalosikika sana, na chanzo chake ni uvivu wa kusikiliza. Kwanza alikuwa na nyimbo nyingine. "Taxi Driver" ingali inafurahisha hata leo, na binafsi ningeichagua kabla ya "Malaika" siku yoyote, maana ile ya pili imechoshwa na bendi za hotelini Pwani zinazoipiga watalii wakila chakula cha jioni. Pili, na hili ndilo kubwa, Fadhili aliiongoza Equator Sound Band. Bendi ile ndiyo iliyokuwa nyuma ya waimbaji wengi wa studio ile. Mpenzi wa muziki wa Marekani anajua kwamba Detroit ilikuwa na Funk Brothers, wapigaji ambao majina yao hayakuandikwa kwenye majalada lakini mikono yao imo katika nyimbo za Motown. Nairobi nayo ilikuwa na watu wake. Ukimhesabia Fadhili sauti yake peke yake, umeacha sehemu kubwa ya kazi yake nje ya daftari.

Wanaosema hakuwa hodari wa gitaa nawaachia waende nalo. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga angemfundisha, na Konde pia. Hakuna aliyewahi kumsifu Fadhili kwa vidole.

Lipo dai jingine ambalo naona lina dharau ndani yake: kwamba vijana wale wa Nairobi waliiga tu Wazungu, kwamba twisti yao ilikuwa ya Chubby Checker iliyovalishwa Kiswahili. Jina la twisti walilichukua, ndiyo. Mwaka 1960 na miaka iliyofuata dunia nzima ilikuwa ikikata kiuno kwa jina hilo. Lakini kilichokuwa ndani ya santuri za Equator kilikuwa kitu kingine: gitaa zilizotokana na mitindo ya huku nyumbani na ya Kongo, mwendo wa kwela ya kusini, na Kiswahili cha mjini kinachozungumza habari za mshahara, mapenzi na mji mgeni. Anayesema ni nakala ajaribu kuicheza kwa hatua za Chubby Checker. Tena mwaka 1968 bendi ya The Tremeloes ya Uingereza iliuchukua wimbo "Helule Helule" wa Kabaka na kuufikisha nafasi ya 14 kwenye chati ya nchi yao. Mwigaji gani huyo ambaye Waingereza wanamwiga? Isitoshe, wengi wa wanaotoa dai hili ndio wale ambao Jumapili mchana humwekea Jim Reeves machozi yakiwalengalenga.

Vijana nao wana la kwao: haya ni mapenzi ya wazee kwa ujana wao, zilizopendwa za redio, na wazee wakienda jina litaenda nao. Zipo nyimbo za wakati ule ambazo hatima yake ni hiyo, na baadhi yake zinastahili. "Malaika" haimo. Inaimbwa harusini na watu ambao wazazi wao hawakuwa wamezaliwa iliporekodiwa, na kwaya za shule zinaipanga kwa sauti nne bila kumuuliza mzee yeyote ruhusa. Kijana anayeitumia kumbembeleza mpenzi hajui wala hajali kwamba Fadhili aliishi miaka mingi Marekani, akarudi, akafariki Nairobi Februari 2001, miezi michache kabla ya Kabaka. Kumbukumbu za ujana wa mtu mwingine hazirithishwi kwa urahisi hivyo.

Kisha huja swali la kejeli: kama alikuwa mkubwa kiasi hicho, mbona hakuwa tajiri? Mbona wimbo umezunguka dunia na mwenyewe hakujenga ghorofa? Mwenye kuuliza hivi anapima mwimbaji kwa mkataba wake. Wanamuziki wa wakati ule kwa kawaida walilipwa kidogo studioni, na kilichopatikana baadaye kilipitia mikono mingi kabla ya kuwafikia, kama kilifika. Kwa kipimo hicho, mkubwa kuliko wote katika historia ya muziki wa Kenya ni mwenye mashine ya kurekodi.

La mwisho linatoka nyumbani kabisa, kwa watu wa milimani: huyu si wetu kikweli, maana kilichompa jina si Kidawida bali Kiswahili cha Nairobi. Kwamba jina lake lenyewe lilimtangaza kila alikokwenda, Mdawida, hawalihesabu. Alikuwa katika bendi moja na watu wa magharibi ya Kenya na wa Zambia. Walitaka aimbe lugha gani waelewane? Ngoma za Wadawida zilikuwako kabla yake na ziliendelea bila yeye. Ngoma ya Mwazindika haikumsubiri Fadhili wala haikumhitaji. Na anayetaka nyimbo za Kidawida zenye gitaa awatafute wanaoziimba leo huko Mwatate na Wundanyi, alipe kiingilio mlangoni na asiombe kupunguziwa. Hao wangali hai, na hela itawafaa sasa.