Jiko la Sondu

Sondu, mji wa soko ulio mpakani mwa kaunti za Kisumu na Kericho, haupungukiwi na chakula, kwani omena wa ziwani hukutana hapo na mahindi na mboga za nyanda za juu. Kinachopungua ni fedha mfukoni mwa mnyonge. Jijini Nairobi, pengo kama hilo huzibwa shuleni na mpango wa chakula uitwao Dishi na County, ulioanza mwaka 2023 na unaotegemea jiko la pamoja, yaani jiko moja kubwa linalopikia shule nyingi, ambapo mzazi hulipa shilingi 5 kwa mlo na mtoto hugusisha bangili ya kielektroniki kwenye kifaa anapopokea wali na ndengu. Sondu haihitaji jengo kubwa kama hilo: vibanda vya ugali vipo tayari, na kaunti hizo mbili ziwalipe wenye vibanda kuwalisha wasio na kitu, tena (jambo lisilozoeleka serikalini) ziwalipe kwa wakati.