Ramani za kulipia katika michezo ya intaneti: juu ya nini mwenye kununua anazikosa?

Mchezaji analipa dola 10, anapakua ramani mpya za mchezo wake wa video, kisha anaingia kwenye intaneti kutafuta mechi. Mashini inamtupa kwenye ramani ya zamani. Anarudia mara ya pili, mara ya tatu, ni ile ile ya zamani. Feza imekwisha kuenda, ramani iko ndani ya konsoli yake, lakini hapati mahali pa kuichezea.

Malalamiko hayo yamesikika tangu michezo ya kupigana kwa makundi ilipoanza kuuza ramani za nyongeza. Ramani ni uwanja wa mechi: mji, kambi, jangwa, ama msitu. Mchezo unakuja na ramani zake za kwanza, kisha kampuni inauza zingine kwa paketi.

Shida iko wapi?

Shida inatokea pale mashini inapopanga wachezaji. Watu wasiojuana wanajiunga, wanawekwa katika chumba kimoja, na mashini inachagua ramani ambayo wote wanayo. Kama mutu mmoja tu hana ile mpya, inaondolewa kwa wote.

Tufanye hesabu. Tuseme nusu ya wachezaji wamenunua paketi, na mashini inawachukua bila kuchagua. Katika mechi ya watu 8, nafasi ya wote 8 kuwa na ile paketi ni 1 kwa 256. Katika mechi ya watu 12, ni 1 kwa 4096. Hata kama wachezaji 9 kwa 10 wamenunua, mechi za watu 8 ambazo ramani mpya inaweza kutokea hazifiki nusu. Kwa hiyo mwenye kununua anapata hasara juu ya wale ambao hawakununua, na wao hawana kosa lolote.

Kuwatenganisha kunaleta shida ingine

Dawa ya kwanza ilikuwa kufunga milango. Halo 3, mchezo wa studio Bungie ya Marekani, ilitoka Septemba 2007. Mwezi wa Desemba paketi ya ramani 3 ikauzwa dola 10. Vyumba fulani vikaanza kudai ramani za nyongeza: asiyekuwa nazo haingii. Mwaka 2008 paketi ile ya kwanza ikatolewa bure, na wengi wakaweza kuingia.

Lakini kila mlango unapunguza watu. Kama mchezo unauza paketi 3, wachezaji wanaweza kugawanyika katika aina 8, kuanzia asiyekuwa na kitu mpaka mwenye zote. Chumba chenye watu wachache kinangojesha sana. Tena mashini inalazimika kumchanganya anayeanza na fundi, ama kumpeleka mutu kwenye serveri ya mbali ambako kila risasi inachelewa. Wakichoka kungoja, watu wanaondoka, na wanaobaki wanangoja zaidi.

Titanfall ilipita njia hiyo. Ilitoka Machi 2014, mechi zake ni 6 kwa 6, na paketi 3 za ramani ziliuzwa mwaka ule ule. Machi 2015 zote zikatolewa bure. Titanfall 2 ilipokuja Oktoba 2016, ramani zote za nyongeza zilikuwa bure kwa kila mutu.

Njia ambazo zimejaribiwa

Gears of War 4, ya mwaka 2016, ilifungua ramani mpya kwa wote katika mechi za kawaida za intaneti. Aliyelipa alipata haki ya kuzitumia katika mechi zake za binafsi pamoja na marafiki. Battlefield 1 ilikuwa na kadi ya Premium ya dola 50 hivi. Mwaka 2017 ikamruhusu mwenye kadi kuingia na marafiki wasiolipa kwenye ramani za kulipia. Hapo mwenye kununua anakuwa mwenye ufunguo, na kikundi cha marafiki hakivunjiki.

Kwa mchezo ambao bado unauza ramani, kuna mambo matatu ambayo hayaombi kazi kubwa. Mashini inaweza kutafuta kwanza wenye ramani kwa muda mfupi, tuseme nusu dakika, kisha kufungua kwa wote kama hawatoshi. Inaweza kuonyesha mchezaji, mbele hajalipa, ni watu wangapi wanachezea ile ramani saa hiyo. Na inaweza kuazima ramani kwa wote siku fulani za juma, ili wasiolipa waionje na waliolipa wapate wenzao.

Nani analipa kama ramani ni bure?

Kampuni nyingi ziliacha biashara hii. Call of Duty ilifuta paketi za ramani za kulipia tangu Modern Warfare ya 2019. Lakini feza inatafutwa mahali pengine: mavazi, rangi za silaha, na masanduku ya bahati ambayo mutu anafungua bila kujua atakuta nini. Aprili 2018, tume ya michezo ya bahati ya Ubelgiji ilisema masanduku ya kulipia ya michezo kama FIFA 18 na Overwatch ni kamari na yanavunja sheria. Ramani ya bure inaunganisha wachezaji, lakini bei inaweza kuwa imehamia mahali ambapo mtoto anadanganyika upesi zaidi.

Kwa wanaocheza kwenye telefone, mlango unaweza kuwa mega. Katika PUBG Mobile, ramani hazilipiwi, lakini nyingi zinapashwa kupakuliwa ndipo mutu aingie. Marafiki wanne wakitaka kucheza pamoja, yule ambaye mega zimemwishia ndiye anawarudisha wote kwenye ramani aliyo nayo.

Kwa hiyo mbele ya kutoa feza, inafaa kuuliza maswali mawili: nani mwingine anayo ramani hii, na mashini itanikutanisha naye namna gani? Kama mwenye kuuza hana jibu, feza ibaki mfukoni.