Mwenye Kalamu Ndiye Mwenye Ulimi
Wapo wasemao kwamba michezo ya televisheni ni burudani tupu. Na wamtazame Jay Silverheels. Alizaliwa Kanada mwaka 1912, mtu wa kabila la Mohawk, akavuma kwanza katika mchezo wa lakrosi. Tangu 1949 hadi 1957, katika The Lone Ranger, aliigiza Tonto, mfuasi mwaminifu wa shujaa Mzungu. Na neno hilo kwa Kihispania maana yake ni mpumbavu. Aliyekijua Kiingereza sawasawa aliandikiwa Kiingereza kibovu, na watoto wakafundishwa kwamba wenyeji wa asili wa Marekani hawana lugha wala fikra. Je, hiyo ndiyo burudani? Kumnyang'anya mtu ardhi ni dhuluma. Kumlipa ajidhalilishe kwa kinywa chake mwenyewe ni dhuluma juu ya dhuluma.

Silverheels hakukubali yaishie hapo. Katika miaka ya 1960 alishiriki kuanzisha mafunzo ya uigizaji kwa wenyeji wenzake mjini Los Angeles. Alifariki mwaka 1980. Funzo alilotuachia ni wazi: taifa lisiloandika michezo yake litachezeshwa ya wengine, nalo litapiga makofi likitukanwa.