Kompresa ya Upepo katika Pikapu: Iwe Mali ya Kikundi

Wakulima wengi wa skimu za Kieni, tangu Endarasha na Mweiga hata Naro Moru, huuliza kama yafaa kufunga kompresa ya upepo inayozungushwa na injini ya pikapu ya dizeli. Mimi naona yafaa sana, lakini si kwa kila mwenye pikapu, wala si kwa namna wanavyofunga mafundi wengine.

Kwanza tutazame kazi yenyewe. Wakati wa mvua ndefu njia zetu za udongo huwa utelezi mtupu. Dereva mwerevu hupunguza upepo wa matairi ili yashike matope, lakini akifika lami ya barabara ya Nyeri na Nanyuki hana budi kuujaza tena, maana tairi laini likienda mbio hupata moto na kupasuka. Na trekta likipata pancha shambani, mahali pa kujaza upepo pako mbali.

Wako wasemao, "Nina pampu ndogo ya betri, imeandikwa ratili 150." Maneno hayo huwapoteza watu. Tairi la nyuma la trekta halitaki nguvu nyingi. Mara nyingi ratili 12 hata 20 kwa inchi ya mraba zatosha. Linalotaka ni upepo mwingi, na pipa halijazwi kwa kijiko. Tena Naro Moru iko juu karibu mita 2,000, upepo wenyewe ni mwepesi, hata pampu yo yote huchukua muda mrefu kuliko Mombasa. Lakini mwenye gari dogo tu, pampu ya betri yamtosha, asitupe fedha zake.

Sasa ufundi. Mafundi wengi huchukua kompresa ya kupoza hewa kutoka gari kuukuu. Ni shauri jema, ila nyingi za namna hiyo hupata mafuta yake kwa njia ya gesi inayozunguka ndani. Zikivuta upepo mtupu mafuta hayaji, nazo hukauka na kukwama. Aina ya zamani ya pistoni, kama York, ina karai yake ya mafuta chini. Hiyo ndiyo bora. Nyingine sharti zitiwe mafuta mara kwa mara, na kuwe na chujio la kuyakamata yasiingie ndani ya matairi na kuharibu mpira.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni mkanda. Katika pikapu nyingi za dizeli, mkanda wa jenereta ya kuchaji betri huzungusha pia pampu ndogo inayosaidia breki. Kompresa ikikwama na kukata mkanda huo, betri haichajiwi na breki zinakuwa ngumu kama jiwe, nawe una magunia ya viazi nyuma unateremka kwenda soko la Karatina. Kompresa iwe na mkanda wake peke yake. Fundi akikuambia haiwezekani, tafuta fundi mwingine.

Wako pia wanaogeuza mtungi wa gesi ya kupikia kuwa tangi la upepo. Msikubali hata kidogo. Tangi liwe lile lililotengenezwa kwa kazi hiyo, lenye vali ya usalama inayofunguka yenyewe, na koki chini ya kutolea maji. Maji hayo yatolewe kila jioni, kwani yakikaa hula chuma kwa ndani na kwa nje huoni kitu. Bomba la kwanza litokalo kompresa liwe la shaba au chuma, kwa kuwa upepo ulioshindiliwa hutoka na moto mkali.

Haya yote ni fedha, tena si kidogo kwa mtu mmoja mwenye ng'ombe watatu. Ndiyo sababu nasema iwe mali ya kikundi: ifungwe katika pikapu ile ile ichukuayo maziwa, na kila mwenye trekta au tela alipe ada kila ajazapo. Najua mtaniuliza, je, dereva akiuza upepo kwa faida yake? Basi kiwekwe kitabu, kama kile cha maziwa, na mwenye kujaziwa atie sahihi.

Vikundi vyenye pikapu vizungumze habari hii mkutanoni kabla ya mvua za Machi. Kazi ya kufunga huchukua siku kadhaa, na siku hizo itabidi kukodi gari jingine la kupeleka maziwa.